Farasi, Mlima na Fimbo Yangu ya TP

Nimerudi. Najua nimepotea muda mrefu, na nasikia wengine mlishaanza kuulizana kule Cafeteria kama nimedisco. Sijadisco (bado!). Nilikuwa mlimani, upande wa Kilimanjaro, na kwa wiki tano nilikuwa napanda farasi. Ndiyo, farasi. Sio bodaboda, wala sio punda wa kwetu Singida. Farasi mzima, mwenye tandiko na hatamu.

Lakini leo sijaja kuringisha tu. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu nirudi, na linawahusu hasa ninyi mnaosoma Elimu kama mimi. Wa Sheria na Biashara nanyi someni, watoto wenu tutawafundisha sisi.

Ilikuwa hivi. TP iliisha, zikabaki wiki tano chuo kifunguliwe, na boom lilishakata kitambo. Mshikaji wetu mmoja wa Hesabu na Fizikia, mtoto wa Machame, akasema mjomba wake anatunza farasi kwenye shamba moja upande wa Hai, farasi wa kutembeza watalii, na msimu ule wanatafuta vibarua. Malazi na chakula juu yao, na vijisenti kidogo. Tukajikusanya wanne: yeye, rumeti wangu wa Kiswahili na Jiografia, jamaa mmoja wa Baiolojia, na mimi. Tukapanda basi Mbezi alfajiri, jioni tukashuka Boma Ng'ombe tukiwa tumepauka vumbi. Mlima hatukuuona. Mwezi wa saba na wa nane kule ni kipupwe, mawingu yanaufunika Kibo kutwa. Unauona alfajiri tu, kama dakika kumi hivi, halafu anajifunika tena kama bibi harusi.

Mjomba wa mshikaji ni mzee wa miaka sitini na kitu. Tulimwita Mzee, na kila asubuhi ilikuwa "Shikamoo Mzee," naye anajibu "Marahaba walimu." Hilo "walimu" alikuwa analitamka polepole, na mimi nilikuwa nasikia kama ananitega. Shule aliishia darasa la saba. Farasi ameanza nao akiwa kijana.

Kazi yenyewe acheni tu. Saa kumi na moja alfajiri uko bandani unazoa samadi. Halafu brashi, halafu unainua miguu mmoja mmoja unachokonoa kwato kutoa mawe, halafu majani, halafu maji. Jioni kabla giza halijaingia farasi wote wanarudishwa ndani. Niliuliza kwa nini wasilale nje kama ng'ombe, ndipo nikajifunza kitu ambacho miaka yote sikuwahi kujiuliza: kwa nini nchi yetu ina farasi wachache hivi? Kuna mbung'o wanaoeneza malale ya mifugo, na kuna ugonjwa mwingine, tauni ya farasi, unaoletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu ambavyo hung'ata sana jioni na alfajiri. Ugonjwa huo ukimpata farasi, mara nyingi ndiyo basi. Ndiyo maana bara hili sehemu kubwa ilibaki kuwa nchi ya punda na ya miguu, na farasi wakabaki kwenye sehemu chache kama ile, na ndani ya misemo yetu.

Misemo, naam! Wangapi hapa tumekulia kwenye maneno ya "kushika hatamu"? Chama kimeshika hatamu, kiongozi mpya ameshika hatamu za uongozi. Mimi nimesoma Kiswahili mpaka kidato cha sita na nilikuwa naamini hatamu ni aina ya cheo! Hatamu ni kamba, jamani. Imefungwa kwenye lijamu, na lijamu ni kile chuma kinachokaa mdomoni mwa mnyama. Siku ya kwanza Mzee alinipa hatamu mkononi, nikaikamata kama navuta ndoo kisimani. Akasema, "Mwalimu, hapo umemshika mdomo. Wewe ukishikwa mdomo hivyo utasikia ninachosema?" Kushika hatamu vizuri, kumbe, ni kushika kama umeshika kifaranga: asitoroke, na asife.

Basi wiki ya kwanza ikaenda. Siku zisizo na wageni farasi wanahitaji kutembezwa, kwa hiyo tukawa tunafundishwa. Mimi nilipewa jike mmoja wa rangi ya hudhurungi anaitwa Asali. Mpole, mzee kidogo, ana alama nyeupe usoni. Tulipita njia za vihamba, katikati ya migomba na kahawa, watoto wanatukimbilia wanapiga kelele, akina mama wanacheka wakiona msichana mweusi kama wao juu ya farasi. Bibi mmoja aliniuliza kwa Kiswahili cha kuchanganya na Kichagga kama nimeolewa na mzungu. Nikamwambia hapana bibi, mimi ni mwalimu. Akasikitika.

Sasa njooni kwenye lenyewe. Wiki ya pili tulifika kwenye mfongo, ile mifereji ya asili Wachagga waliyoichimba kuteremsha maji kutoka mlimani. Mfereji wenyewe mwembamba, hata mtoto anauruka. Wenzangu wakavuka. Asali akasimama. Nikampiga visigino, akarudi nyuma. Nikavuta hatamu, akazungusha shingo. Wenzangu kule ng'ambo wanacheka, jamaa wa Baiolojia ameshatoa simu anarekodi. Wadau, sijui kama mmewahi kudharaulika mbele za watu na mnyama. Uso uliniwaka moto. Nikavunja kijiti kwenye ua wa kahawa pale pembeni, nikamchapa. Mara moja, mara mbili. Kwa nguvu.

Nilichokumbuka baada ya hapo ni kuangalia majani ya mgomba nikiwa chali. Kifundo cha mkono kilivimba wiki nzima.

Mzee hakunigombeza. Hakusema neno. Alishuka kwenye farasi wake, akaja akachukua hatamu za Asali, akaenda naye mpaka ukingoni, yeye mwenyewe akaingia na viatu kwenye mfereji, akasimama ndani ya maji. Akasimama tu. Farasi akivuta kurudi nyuma, Mzee anashikilia, hamwachii aondoke. Farasi akisogea mbele hata nusu hatua, Mzee analegeza kamba palepale na kumpapasa shingo. Tukakaa pale kama dakika ishirini. Tulishaanza kuchoka. Halafu Asali akainamisha kichwa, akanusa maji, akavuka. Polepole kabisa, kama vile hakukuwa na tatizo tangu mwanzo.

Nilimuuliza Mzee, hivi alikuwa anaogopa nini pale? Akasema, "Wewe unaona maji ya kina cha kifundo cha mguu. Yeye anaona kitu kinang'aa na hajui chini kuna nini. Ulimuuliza?" Halafu akaongeza, "Fimbo ilimwambia umekasirika. Kuvuka haikumfundisha."

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa nimetoka TP wiki mbili tu zilizopita, na kuna kijana wa kidato cha pili nilimfanya hivyohivyo.

Sijamwambia mtu habari hii, hata rumeti wangu, kwa hiyo vumilieni. Siku yangu ya kwanza kwenye shule niliyopangiwa (jina nalihifadhi), nilikabidhiwa chaki, ratiba na fimbo. Mwalimu mmoja mwenye roho nzuri kabisa aliniambia, "Dada, bila hii hawatakusikia." Darasa lina wanafunzi zaidi ya themanini. Wiki ya tatu nikamsimamisha kijana mmoja asome aya ya kitabu. Akasimama, hakusoma. Nikarudia. Kimya. Darasa likaanza kucheka, na sikujua wanamcheka yeye au mimi. Uso ukaniwaka moto, uleule. Nikamchapa mikononi viboko vitatu.

Hakulia. Alikaa chini, na tangu siku hiyo alikuwa ananisalimia kwa adabu kuliko wote: "Shikamoo mwalimu," huku macho yanaangalia viatu vyangu. Hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka. Mimi nikaandika kwenye kitabu changu cha TP kwamba nidhamu ya darasa imeimarika. Wallahi niliandika hivyo, na mkaguzi wangu akaweka tiki.

Hakusoma kwa nini? Sijui mpaka leo. Labda hakuwa na kitabu, labda macho yake hayaoni ubao wala maandishi madogo, labda hajui kusoma Kiingereza na anaona aibu. Sijui, kwa sababu sikumuuliza. Yeye naye alisimama mbele ya mfereji, nami nikavunja kijiti.

Asali alinikataa siku tisa. Nikiingia bandani analaza masikio nyuma na kunigeuzia makalio. Jamaa wa Baiolojia alinieleza kwamba farasi ni mnyama anayeliwa porini, maisha yake yote yamejengwa juu ya kusoma nani ni hatari. Anakusoma mabega, pumzi, namna unavyotembea. Na hili wenzangu wa Elimu mnalikumbuka kwenye saikolojia: yule farasi wa Ujerumani aliyeitwa Hans. Mwenye naye alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, akatangaza kwamba farasi wake anajua kujumlisha, anajibu kwa kugonga kwato chini. Watu wakajaa Berlin kumshangaa. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba Hans hajui hesabu yoyote. Alikuwa anasoma mwili wa anayeuliza, kichwa kikitikisika kidogo tu pale jibu linapofika, naye anaacha kugonga. Kwenye mtihani tunaandika kwamba hilo ni kosa la utafiti, tunapata alama zetu. Mimi bandani pale nililisoma upya. Kama mnyama anaweza kusoma mtikisiko mdogo wa kidevu, mtoto wa miaka kumi na tano hawezi kusoma kwamba mwalimu amemdharau?

Na Skinner je? Wote tumemkariri. Adhabu inaweza kuzima tabia, kwa muda, lakini haifundishi tabia mpya. Mzee hajawahi kusikia jina la Skinner, ila pale mfongoni alifanya somo lote: kaza, na mara tu mwanafunzi anapojaribu, legeza. Ile kulegeza ndiyo somo. Sisi tumepata A ya nadharia hiyo halafu tunaingia darasani na mpera.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu tumeshabishana sana na washikaji kule kambini usiku. Wiki ya nne tulikwenda na Mzee safari ya siku nne kuwazoeza farasi njia, tukateremka kutoka vihambani mpaka tambarare za Siha, Meru upande mmoja, Longido mbele, na Kibo nyuma yetu akijitokeza alfajiri mwekundu kama kaa la moto. Mchana tunatembea, kuna mahali tuliachia farasi waende shoti mpaka machozi yakanitoka kwa upepo (nilisema ni upepo!). Usiku tunafunga farasi, tunawafunika mablanketi, tunapika ndizi, tunabishana. Kwa hiyo hoja zote nimeshazisikia.

Ya kwanza: "Mtoto sio farasi." Kweli kabisa. Mtoto anaweza kuongea. Farasi hawezi kukuambia kwamba anaogopa maji, na Mzee bado alijua. Mimi nilikuwa na mtoto anayejua kuongea na sikumuuliza. Hoja hiyo inaniumiza mimi zaidi kuliko inavyonitetea.

Ya pili: "Mcha mwana kulia hulia yeye." Hii ndiyo kubwa, na mama yangu ndiyo anaipenda. Lakini angalieni vizuri, wandugu. Mzee hakumcha farasi. Asali hakurudishwa nyumbani eti kwa vile hataki. Alivuka, tena siku hiyohiyo, na kila tulipopita tena alivuka bila kusimama. Methali inakataza kumdekeza mtoto, na mimi nakubali. Mtoto asiyefanya kazi yake abaki aifanye, arudie, mzazi aitwe. Ukali upo. Ila ukali na kipigo ni vitu viwili, na sisi tumevichanganya kwa sababu kipigo ni rahisi. Kinachukua sekunde kumi. Kusimama ndani ya maji kunachukua dakika ishirini.

Ya tatu: "Sisi tulichapwa na tumefika chuo." Sawa, na mimi nilichapwa. Lakini hebu hesabuni darasa lenu la kwanza mlikuwa wangapi, halafu hesabuni walioko hapa. Wale walioacha shule hawapo kwenye Cafeteria yetu kutoa ushuhuda. Kwetu Singida punda wa maji nilimchapa tangu nikiwa na miaka saba, na nilikua nikisema asante ya punda ni mateke. Likizo hii ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza, hivi huyo punda anashukuru kitu gani?

Ya nne, na hii naiheshimu: "Darasa la watu themanini utalishikaje kwa upole?" Hapa sina jibu la kujigamba. Wanafunzi themanini ni wengi, na mwalimu mmoja hawezi kusimama mfongoni na kila mmoja. Ila tusiseme fimbo inatatua tatizo la themanini. Inalificha tu. Inawafanya wakae kimya ili sisi tusione nani hajaelewa.

Tena sheria yenyewe haituruhusu kama tunavyofikiri. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zilisema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Mimi mwanafunzi wa TP niliteuliwa na nani? Daftari gani niliandika? Viboko vyangu vitatu vilikuwa nje ya kanuni, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Majirani zetu Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu hapa, mwaka 2018, mtoto wa shule ya msingi Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu. Sidhani mwalimu yule aliamka asubuhi akipanga kuua. Nadhani uso ulimwaka moto.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na mkitaka kunishambulia karibuni. Sisi tunaosomea ualimu tusisubiri waraka wa wizara. Siku ya kwanza ya TP ukikabidhiwa fimbo, irudishe kwa heshima: "Asante mwalimu, nitajaribu bila." Watakucheka. Pili, tuwaombe wahadhiri wetu watufundishe kwa vitendo namna ya kushika darasa kubwa, tuigize, tukosee hapahapa kabla ya kwenda kukosea kwa watoto wa watu. Tumesoma nadharia za kutosha. Tatu, kabla ya adhabu yoyote, swali moja tu: "Umekwama wapi?" Ni maneno mawili, hata darasa la themanini yanatosha.

Siku ya kumi, kwa taarifa yenu, niliingia bandani, nikakaa kwenye debe nikimenya chungwa, simwangalii Asali wala simwiti. Kama nusu saa hivi. Nikasikia pumzi ya moto shingoni, na pua inanusa mkono wangu ule uliovimba. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka.

Yule kijana wa kidato cha pili sina namna ya kukaa kwenye debe nimsubiri. Nimemwandikia barua kupitia mwalimu wake wa darasa, ukurasa mmoja, nimemuomba radhi, na nimemuuliza lile swali ambalo sikumuuliza. Rumeti wangu anasema mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi, atapandwa kichwani. Labda. Barua nimeituma juzi.

Haya wadau, kwa leo naishia hapa, nina test ya curriculum kesho na sijagusa kitu. Mzee anawasalimu. Alipotusindikiza stendi ya Boma Ng'ombe alinipa mkono, akasema, "Haya mwalimu, ukashike hatamu vizuri." Safari hii hakunitega. Au labda alinitega zaidi.

Nawakilisha.